Fuko, Mbweha na Koo la Kinanda

Jina la Kinanda alilipata shuleni. Mwalimu alimsikia akisoma mbele ya darasa, akavua miwani, akasema mtoto huyu hana koo kama letu, ana kinanda. Wenzake wakacheka, jina likaganda. Aliolewa nalo, akafiwa na mume akiwa nalo, akaanza kuota mvi akiwa nalo, na sasa hata watu ambao hawajawahi kuona kinanda walimwita hivyo bila kujiuliza.

Kazi yake ilikuwa kusoma filamu za wanyama. Filamu zilikuja na maneno ya watu wengine; yeye aliketi katika chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, akavaa hedifoni, akawatazama simba au nyuki kwenye kioo, na kusema kwa Kiswahili kile walichokuwa wakifanya. Watu wengi waliijua sauti yake bila kuijua sura yake. Angeweza kuingia dukani kuomba sabuni, muuzaji akainua kichwa na kumkodolea macho kama mtu anayejaribu kukumbuka deni la zamani, kisha akampa sabuni yake wakaachana.

Asubuhi moja alifika studio akiwa amechoka tayari, uchovu ule wa mtu aliyeamka mara nyingi kuliko alivyolala. Aliweka mkoba chini, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye godoro la ukutani.

"Umelala?" Fundi Waya alimuuliza. Fundi Waya ndiye aliyekuwa mwenye studio, na ndiye fundi wake pia. Mtu wa makamo, mwenye ndevu za mvi, aliyetembea na nyaya mabegani kama wengine wanavyotembea na taulo.

"Nimelala kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kuniwezesha kufika hapa. Washa mashine yako."

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya fuko na mbweha. Walioitengeneza walikuwa wamewachukua mamalia wawili wasiofanana hata kidogo, wakawaweka bega kwa bega na kuwalinganisha mwanzo mpaka mwisho. Fundi Waya hakuipenda.

"Simba watu wanakaa wanatazama," alisema. "Fuko atatazamwa na nani? Mnyama mwenyewe haonekani."

"Ndiyo maana wametengeneza filamu."

"Haya. Tukianza, tumeanza."

Kinanda akavuta pumzi, akaanza. "Fuko na mbweha ni mamalia wote wawili. Wote wana manyoya, wote damu yao ina joto lake yenyewe, na wote watoto wao huanza maisha kwa kunyonya maziwa ya mama. Baada ya hapo, kila mmoja ameshika njia yake. Mbweha ana miguu myembamba ya kukimbilia. Fuko ana viganja vipana kama sepetu, vimegeukia nje, na kazi yake ni kusukuma udongo. Mbweha ana masikio makubwa yaliyosimama. Masikio ya fuko hayaonekani, maana yangejaa mchanga..."

Alikuwa akisoma vizuri, lakini chini ya maneno kulikuwa na mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa chumba cha jirani. Yeye aliusikia. Fundi Waya aliusikia pia, ila alinyamaza kwa sababu kulikuwa na jambo lingine lililomkera.

"Ngoja. Fuko anakula nini hapo?"

"Nyungunyungu."

"Fuko gani anayekula nyungunyungu? Fuko anakula mizizi. Alimaliza shamba zima la baba yangu."

Kinanda akatazama karatasi. Wenye filamu walikuwa wameweka maelezo pembeni. "Wamesema wapo wa namna mbili. Yule wa baba yako ni jamaa ya panya. Huyu wa kwao si panya kabisa, ukoo wake ni mwingine. Wamefanana kwa kuwa wote kazi yao ni kuchimba."

"Na mbweha?"

"Huyo ni jamaa ya mbwa. Wa kwao ana mkia mnene tu."

Fundi Waya akafikiri huku akijikuna ndevu. "Watu watatupigia simu. Kila ukimtaja fuko, mtaje na chakula chake. Sema fuko mla nyungunyungu."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Kinanda hakubishana. Siku zile hakuwa na nguvu za kubishana na mtu anayesikia. Zote alizimalizia kwa asiyesikia.

Asiyesikia alikuwa mama yake. Bibi kizee huyo alianguka bafuni kwake, na tangu hapo ikaonekana kwamba hawezi tena kukaa peke yake. Aliletwa kwa Kinanda na mtoto wake wa mwisho, ambaye ukubwa wote huo bado aliitwa Kitinda, kifupi cha kitindamimba. Kitinda aliuza vipuri vya magari. Alishusha sanduku moja na kiti kimoja cha mikono, akaahidi kupita kila wikendi. Wikendi zikapita zenyewe.

Mama alikuwa amepoteza masikio karibu yote na kumbukumbu kiasi. Kila kitu alichoambiwa ilibidi apigiwe kelele, kisha apigiwe tena.

"Mama, maji yamechemka!"

"Nani amecheka?"

"Maji! Ya kuoga!"

"Mbona unanifokea? Nimekukosea nini?"

Mchana Kinanda akiwa kazini, mama alishinda na jirani mmoja, mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani. Chumba chake mwenyewe kilikuwa na giza, macho yakamsumbua, basi akahamishia cherehani yake kwenye dirisha la sebule ya Kinanda. Yeye alipata mwanga, na mama akapata mtu wa kumtazama. Walielewana vizuri kwa sababu Bi Cherehani hakuongea. Mdomo wake muda wote ulikuwa umejaa pini.

Saa ya filamu za wanyama ilipofika, mama alisogezewa kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusa televisheni, na sauti ikafunguliwa hadi vikombe kabatini vikatetemeka. Hapo ndipo alipotulia. Alitikisa kichwa polepole kama anayeongea na mtu wa rika lake.

"Msikilize mwenzako huyo," alimwambia Kinanda siku moja. "Anavyosema taratibu. Hana haraka, hamfokei mtu. Huyo alilelewa. Mama yake ana bahati."

"Ni mimi, mama!"

"Wewe nani?"

"Huyo anayeongea! Ni mimi!"

Mama akatazama televisheni, akamtazama binti yake, akatazama tena televisheni. "Wewe uko hapa," alisema.

Bi Cherehani alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Kinanda naye alicheka kidogo, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kumwonea wivu mtu wa kwenye televisheni ni jambo moja. Kumwonea wivu mtu huyo ilhali ni wewe mwenyewe ni jambo ambalo huwezi hata kumweleza rafiki.

Basi siku hiyo studio walisonga mbele na fuko mla nyungunyungu. Kinanda alisoma jinsi manyoya yake yanavyolala upande wowote, kwa hiyo anaweza kwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya handaki bila kukwama. Alisoma jinsi macho yake madogo yanavyotambua mwanga na giza na si mengi zaidi. Alisoma kwamba hufanya kazi saa chache, akalala saa chache, akaamka akaendelea, usiku na mchana.

"Angalau analala," alisema, nje ya maandishi.

"Nini?"

"Hakuna. Tuendelee." Akavuta pumzi. "Akipata chakula kingi kuliko anachoweza kumaliza, huweka akiba. Ghala la fuko mla nyungu..."

Neno halikutoka. Akajaribu tena. "Nyu..." Ikatoka hewa tupu.

Fundi Waya akagonga mashine, akachomoa waya mmoja, akaupuliza, akauchomeka. "Imekata. Sema kitu." Kinanda akafungua mdomo. "Bado imekata," alisema Fundi Waya, akashika waya mwingine, akapiga magoti chini ya meza kufuata wa tatu. Alipoinuka, alimkuta Kinanda amevua hedifoni na kuziweka mapajani, mkono mmoja ukiwa kooni. Ndipo akaelewa kwamba nyaya zake zote zilikuwa nzima.

Daktari wa koo alikuwa mwanamke mwenye mikono ya baridi. Alimpitishia mrija mwembamba puani, akamwonyesha kwenye skrini kilichokuwa huko chini, panapotokea sauti: vipande viwili vyeupe vilivyokutana na kuachana, na kila kimoja kikiwa na kivimbe kidogo katikati.

"Kazi yako?"

"Msomaji wa..." Kinanda alinong'ona.

"Usininong'oneze. Kunong'ona kunalikaza koo vibaya zaidi. Andika."

Kinanda akaandika. Daktari akasoma, akakunja uso. "Kusoma taratibu kwenye maiki hakuleti kitu kama hiki. Unapiga kelele wapi?"

Kinanda akaandika: nyumbani.

"Kwa mume?"

Akatikisa kichwa, akaandika: mama, hasikii.

Daktari akaiweka kalamu chini na kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakumpa pole. Pengine siku hiyo alikuwa amewapa pole wengi mno. "Utanyamaza," alisema. "Hakuna kuongea, hakuna kunong'ona, hakuna kuimba bafuni. Mpaka nikuone tena wiki mbili zijazo. Ukishindwa kufanya hivyo, sauti hii usiitegemee tena kwa kazi."

Kinanda alirudi nyumbani akiwaza jinsi ya kumnyamazia mtu ambaye hata kelele hazisikii. Bi Cherehani alimwelewa haraka: alionyeshwa koo, akaonyeshwa mkono unaokata hewa, akaitikia kwa kichwa na kuendelea na pindo la gauni. Kwa Kitinda, Kinanda alituma ujumbe wa simu: Koo limeharibika, nimekatazwa kusema, nahitaji msaada kwa mama. Kitinda hakuwa mtu wa kusoma ujumbe. Aliona jina la dada yake kwenye simu, akapiga.

Kinanda akapokea, kwa mazoea tu.

"Dada," alisema Kitinda. "Uko salama? Nimeona umenitafuta." Akasubiri. "Dada? Unanisikia?"

Kinanda alikuwa anasikia. Alisikia hata gari likiwashwa na kuzimika nyuma yake dukani.

"Dada, mbona kimya?" Kitinda akashusha sauti. "Sawa. Najua umekasirika. Una haki. Si kwamba sitaki kuja, dada. Kila nikisema kesho, mtu analeta gari bovu. Lakini hiyo si sababu, najua si sababu. Basi nitukane. Afadhali unitukane kuliko hivi."

Kinanda akagonga simu kwa ukucha mara kadhaa, kumwonyesha kwamba yupo.

"Sawa, sawa," alisema Kitinda haraka. "Nakuja. Kesho asubuhi nipo hapo. Usikate simu kwa hasira."

Alifika kweli, na mkate mkononi na uso wa mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Bi Cherehani ndiye aliyemweleza habari za koo, akitoa pini moja moja mdomoni.

"Kwa hiyo hukukasirika?" Kitinda alimuuliza dada yake.

Kinanda alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Kitinda akaweka begi chini, akauliza atalala wapi.

Alilala kwenye kochi la sebuleni, ambalo lilikuwa fupi kwake. Duka alimwachia mkewe. Siku ya kwanza alifanya kila kitu kwa kishindo cha mgeni: akampigia mama kelele za chai, kelele za dawa, kelele za dirisha lifungwe au libaki wazi. Siku iliyofuata mama aliamka na kumwona kuwa ni baba yao, fundi seremala, ambaye alikuwa marehemu siku nyingi.

"Umeleta zile mbao?" mama alimuuliza.

"Mama, ni mimi! Kitinda!"

"Nakuuliza mbao."

"Baba hayupo, mama! Mimi ni..." Akamgeukia dada yake amsaidie. Kinanda aliinua mabega. Kitinda akakaa kwenye mkono wa kiti, akajifuta uso. "Nimeleta," alisema.

"Za mninga?"

"Za mninga!"

"Nzuri. Usiziweke kwenye mvua."

Jioni yake, mama alipokuwa anasinzia, Kitinda alikuwa ameshika shavu na sauti imemkauka. "Dada, unawezaje?" aliuliza. "Siku mbili tu mimi niko hoi. Unawezaje na kazini unaenda?"

Kinanda alikuwa na jibu, na lilikuwa refu. Alikuwa amelitunga miaka hiyo yote akiosha, akipika, akisubiri mama amalize kushuka ngazi. Sasa muulizaji alikuwa amekaa mbele yake anangoja, na koo lilikuwa limefungwa. Ajabu ni kwamba, alipolipitia jibu lile kichwani, aliona halina kazi tena. Kitinda alikuwa anajionea mwenyewe. Akammegea kipande cha mkate.

Kwa siku zile mwili wa Kinanda ulianza kudai usingizi kwa fujo. Alilala akiwa amekaa. Alilala akikunja nguo, shati nusu limekunjwa. Alikuwa amedhani ukiacha kuongea utapumzika. Kumbe ukiacha kuongea ndipo unapojua umechoka kiasi gani.

Mchana mmoja Kitinda alikwenda kuangalia duka, na Bi Cherehani alikuwa ametoka kupeleka nguo za watu. Kinanda alileta beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama, akaanza kumwosha miguu. Miguu yenyewe ilikuwa imevimba kidogo, ngozi nyororo kama karatasi ya kufungia. Kwa kawaida kazi hii iliendana na mabishano: inua mguu, mguu huu, siyo huo, mama, huu. Sasa aliugusa tu mguu alioutaka, na mama akauinua.

Mama alikuwa akimtazama kutoka juu.

"Wewe binti ni mzuri," alisema. "Huongei. Wamekuleta lini?"

Kinanda akainua uso.

"Usijali kuwa bubu. Mimi mwenyewe siwasikii wanaoongea, kwa hiyo tuko sawa." Akacheka peke yake. Kisha akainama kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo la siri, ingawa aliongea kwa sauti ambayo jirani wa pili angeisikia. "Nina binti yangu humu. Umemwona? Yule anayepiga kelele."

Kinanda akaitikia kwa kichwa.

"Usimchukie. Anachoka. Mimi namwona, akisimama pale mlangoni anashika ukuta. Anadhani simwoni kwa kuwa simsikii. Zamani alikuwa anaongea vizuri mno, watu walikuwa wanasimama kumsikiliza. Mimi ndiye ninayemchosha." Akatulia. "Ningejua pa kwenda, ningekwenda nimwache alale. Lakini sijui njia. Nikitoka nje hapo sijui niende kulia au kushoto."

Maji yalikuwa yanapoa. Kinanda alikuwa ameushika mguu wa mama yake kwa mikono yote miwili. Neno moja tu lilitaka kutoka, na alijua hata likitoka halitasikika. Akalimeza. Akainamisha paji la uso kwenye magoti ya mama, akakaa hivyo.

"Haya, haya," alisema mama, akimpapasa kichwa. "Na wewe umechoka. Watu wa nyumba hii wote wamechoka, sijui wamekula nini."

Jambo hilo Kinanda hakumweleza mtu, si kwa kuandika wala kwa ishara. Siku iliyofuata mama alikuwa amelisahau, akamwita kwa jina lake halisi la utotoni na kumlaumu kwamba soksi zimepotea.

Wiki mbili zilipokwisha, daktari aliingiza tena mrija wake, akasema vivimbe vimepungua, aanze kuongea kidogo kidogo. Kinanda akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kizito, cha chini, kama cha shangazi yake wa upande wa baba. Akaziba mdomo.

"Itabaki hivyo?" aliuliza kwa sauti hiyo mpya.

"Huenda ikapanda kidogo. Huenda isipande."

Fundi Waya alipoisikia alizungusha waya kidoleni. "Hii si ile," alisema hatimaye.

"Najua si ile."

"Tulikuwa tumefika nusu ya filamu. Nusu ya kwanza mwanamke mwingine, nusu ya pili mwanamke mwingine. Watu watasema fuko amebadilisha msomaji ndani ya shimo."

"Basi tunaanza upya."

"Yote?"

"Yote, Fundi. Ila safari hii fuko awe fuko. Nyungunyungu nitawataja anapowala tu. Wakikupigia simu wa mashamba ya mizizi, utawajibu mwenyewe."

Fundi Waya alikubali, na Kinanda akarudi mwanzo kabisa, kwa mamalia wawili na manyoya yao na damu yao ya joto. Alisoma polepole, akipumzika kila ukurasa, na kikombe cha maji karibu. Alisoma jinsi fuko jike anavyozaa peke yake na kulea peke yake, na watoto wakishaota manyoya na kupata nguvu za kuchimba huwafukuza, kila mmoja akatafute udongo wake. Alisoma jinsi mbweha jike anavyobaki shimoni siku za mwanzo ili watoto wasipate baridi, na dume akawa ndiye anayeleta chakula mlangoni. Alisoma kwamba watoto wa mbweha wakikua hutawanyika, madume wakaenda mbali zaidi, lakini yupo binti ambaye pengine haondoki. Hubaki karibu na mama yake, akamsaidia kulea wanaozaliwa nyuma yake.

Fundi Waya akasimamisha mashine.

"Hapo umesoma haraka."

"Wapi?"

"Hapo pa binti. Umepita kama unayekimbizwa na mvua."

Kinanda akapeleka macho kwenye mstari ule, akajikohoza kidogo. "Rudisha nyuma," alisema, akausoma tena mwendo uleule wa mistari mingine. Ukapita. Wakaendelea na meno.

Nyumbani, jioni ya siku hiyo, alimkuta mama kitini na Bi Cherehani anafunika mashine yake. Kinanda alikuwa amechoka kupita kiasi cha kupaza sauti, na daktari alikuwa amemkataza pia. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama, akamgusa goti ili atazame, akasema kwa ile sauti yake ya chini, bila kuinyanyua, "Mama, umekula?"

"Nimekula," alisema mama. "Huyu alinipa supu. Haikuwa na chumvi."

Bi Cherehani akageuka. Kinanda akamtazama mama usoni. "Ulilala mchana?"

"Nililala kidogo. Mbona unaniuliza kama polisi?"

Baadaye daktari alimweleza kwamba wazee wengi hupoteza kwanza sauti nyembamba, na nene hubaki masikioni muda mrefu zaidi; na mtu akipiga kelele, sauti yake hupanda na kuwa nyembamba. Kwa hiyo miaka yote ile kadiri alivyopaza ndivyo alivyojificha. Kinanda alisikiliza maelezo hayo, akauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Daktari akasema kwa sababu aliletewa koo, hakuletewa masikio.

Si kwamba mambo yalinyooka yote. Mama hakusikia kila siku, na siku nyingine alisikia asielewe. Kazi za ndege na vipepeo Kinanda alizikosa, maana watu walisema sauti ile haiendani na viumbe vidogo. Akapewa filamu za viboko, na tangazo moja la saruji ambalo Fundi Waya alimwigizia kila alipoingia mlangoni. Kitinda alirudi kwake, lakini aliporudi alikuwa amekubaliana na mkewe, na tangu hapo mama alikuwa akichukuliwa Ijumaa na kurudishwa Jumapili, na kiti chake cha mikono kikafungwa kwa kamba juu ya gari kila safari kwa kuwa hakukubali kukalia kingine. Zilikuwepo Ijumaa ambazo gari bovu lilimzuia Kitinda. Siku hizo alipiga simu, na dada yake akipokea alianza kwa kuuliza, "Uko kimya au unaongea?"

Jumamosi ya kwanza nyumba ilipobaki tupu, Kinanda alilala mpaka jua likawa limehama dirishani. Aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasikiliza. Hakuna aliyemwita. Akafikiri afue, akafikiri asafishe kabati, akafikiri aende kumtembelea wifi yake aone mama kaamkaje. Kisha akageuza mto upande wa baridi, akalala tena.